Nguzo ya Papa Iliyoanguka Mara Tatu

Tofali la kuchoma likimwagiwa maji hutoa harufu ambayo mpaka leo sijui kuieleza vizuri. Kuna udongo ndani yake, kuna moshi wa siku nyingi, na kuna kitu cha chungu kikavu kilichosahauliwa jikoni. Mwezi uliopita mafundi walikuja kuanza nyumba mpya kwenye kiwanja chetu cha zamani, hapa Tshopo, mjini Kisangani, na kabla sijamaliza kuwasalimu mmoja wao akamimina ndoo ya maji juu ya rundo la matofali. Harufu ikanipanda puani. Nilikasirika papo hapo, nikakunja uso mpaka yule kijana akaniuliza kama amekosea. Hakukosea. Niliyemkasirikia alikuwa mtu mwingine, tena kwa jambo la miaka mingi: nguzo moja ya matofali iliyotutesa nyumbani nilipokuwa na miaka kumi na mmoja.

Ngoja niwaambie kwanza kwa nini tuliihitaji, maana najua mnaweza kucheka. Nguzo yenyewe ilikuwa ya kusimama peke yake uani, haishiki paa wala lango. Sisi tulikuwa watu wa Yanonge, kule mto unakoteremkia. Papa, baba yangu, alikuwa mvuvi, mtoto wa mvuvi. Mama alipoanza kuumwa mgongo, daktari wa hapa mjini alisema asibebe kitu kizito, asiiname, na aje kuonekana kila mwezi. Papa akamwachia mdogo wake mtumbwi na nyavu, tukahamia Kisangani, kwenye nyumba ya udongo yenye paa la bati. Kutoka mtoni alikuja na kitu kimoja tu. Kilikuwa kipande cha mti mweusi, mnene kama mkono wangu wa wakati ule, urefu wake ukinifika kifuani, kimezungushiwa kamba za mwituni mahali pawili. Babu ndiye aliyeukata. Watu wa kwetu hupanda miti ya namna hiyo katikati ya mkondo na kuifungia mitego ya samaki. Papa aliuweka juu ya misumari miwili nyuma ya jiko, na siku mama alipoanika sare yangu ya shule juu yake, papa aliishusha sare, akaitandika kwenye majani.

Mjini papa aliendesha toleka, zile baiskeli zenye kiti cha nyuma cha kubebea abiria. Aliondoka jua halijachomoza kuwapeleka akina mama sokoni na mizigo yao, kwa sababu asubuhi ndiyo saa ya wateja, na tusipokula cha asubuhi ile hatukuwa na kingine. Kwa hiyo maji yalikuwa yangu. Ndugu yangu Zefe alikuwa bado anajifunza kutembea. Nilishuka mteremko hadi kwenye chemchemi, nikapanga dumu langu nyuma ya madumu ya watu, nikasubiri huku nikihesabu vichwa vilivyokuwa mbele yangu, nikapanda tena. Safari mbili kila asubuhi. Nilipofika shuleni jasho lilikuwa limenikaukia shingoni na lango lilikuwa limefungwa.

Nilikuwa darasa la sita, mwaka wa mtihani. Mwalimu wetu, ambaye wote tulimwita Maître, alikuwa na daftari la majina ya watakaofanya mtihani, na siku moja alinionyesha ukurasa. Majina ya wenzangu yalikuwa yameandikwa kwa wino wa buluu. Langu lilikuwa la kijivu, la kalamu ya risasi.

"Vero, bengine niko nabo kwa bic," aliniambia. "Weye niko nawe kwa crayon. Ukichelewa tena mara tatu, ninafuta."

Hakupandisha sauti. Alipuliza vumbi la kifutio juu ya ukurasa, akafunga daftari. Tangu siku ile nikawa naamka gizani zaidi ili niliwahi lango.

Sasa, mama mdogo, yule dada yake mama anayekaa karibu na Simi-Simi, alikuwa ametuletea pipa la plastiki la buluu lenye mfuniko na bomba dogo chini. Papa alilipenda pipa lile kuliko mtu anavyopaswa kupenda pipa. Alilikunja bati la zamani likawa mfereji wa kupokea maji ya paa, na akatangaza mpango wake: pipa litakaa juu ya nguzo ya matofali, bomba lifike kifuani kwa mama. Mvua inanyesha, pipa linajaa, mama anasimama wima kama mtu mzima yeyote, anafungua maji yake mwenyewe. Mama alikuwa amechoka kuita mtoto kila anapotaka kikombe cha maji. Alikuwa mwanamke wa kupiga makasia, na sasa alikuwa anaomba maji kwa binti yake na kunishukuru kila mara, na mimi shukrani zile zilikuwa zinanichoma.

Nilimwambia papa tuliweke pipa chini kwa muda, walau nipunguze safari za chemchemi.

"Hapana," alisema. "Pipa ikikaa chini, itakaa chini mupaka siku tutakufa. Minakujua nyinyi."

Basi pipa likakaa ndani ya nyumba, kichwa chini miguu juu, likiwa kavu kabisa, na mama akawa anaweka juu yake taa na sabuni.

Papa alisafirisha matofali kwa toleka, ishirini ishirini, kutoka kwa wachomaji wa bondeni. Mchanga aliutoa mtoni. Udongo wa kuunganishia ulikuwa wa kichuguu, akaukanda kwa miguu pamoja na saruji kidogo. Na hapa ndipo niliposhangaa kwa mara ya kwanza. Matofali lazima yaloweshwe kabla ya kujengwa, la sivyo yanakunywa maji yote ya udongo na hayashikani. Nani alileta maji ya kuyalowesha? Mimi. Nguzo ya kunipunguzia maji iliniongezea safari mbili juu ya zile mbili. Nilipolalamika, papa alicheka na kunipiga kidogo kisogoni. "Mama," aliniambia, kwani nina jina la mama yake na hakuniita jina jingine akiwa na furaha, "vumilia kidogo. Siku tatu tu."

Alichimba shimo jembamba, halikuzidi upana wa nguzo yenyewe, lakini lilikuwa refu hadi juu ya goti lake. Akashuka na matofali ndani, akashindilia udongo pembeni kwa kisigino, akapanda. Alijenga vizuri kwa macho. Nguzo ilipofika usawa wa kifua cha mama, niliona imeinama. Si sana. Upana wa kidole. Imeinamia upande wa juu wa kiwanja, kule mteremko wa maji ya mvua unakotokea. Nikamwambia. Akanitazama kwa fahari.

"Niliifanya hivyo. Muti ya mayi haisimame wima, Mama. Unaiinamisha kidole moja, inaangalia kule mayi inatoka. Mayi ikikuja kusukuma, inaikuta tayari."

Alieleza habari za miti ya mtoni na maji yake kwa uzuri mpaka nikaamini. Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili tukiwa kanisani. Tuliporudi, nguzo ilikuwa imelala kifudifudi uani kama mlevi, na kuku wa jirani walikuwa wanachakura kwenye shimo lake.

Papa alilizunguka lile rundo mara mbili. Kisha alisema shimo halikuwa refu vya kutosha.

Kazi ya kusafisha matofali yaliyoanguka ilikuwa yangu. Unashika panga butu, unalikwangua tofali moja moja mpaka udongo mkavu utoke, vumbi linaingia machoni, na vidole vinapata michubuko ambayo inauma ukishika kalamu. Nilikwangua yote. Nikayalowesha upya, yaani nikaenda tena chemchemini, na Jumanne ile nikafika shuleni lango limefungwa. Maître alinihesabia moja.

Nguzo ya pili ilishuka hadi katikati ya paja la papa. Ilidumu siku tisa. Tulikuwa hata tumelipandisha pipa juu, na mama alikuwa amefungua bomba mara moja, akajaza kikombe akiwa amesimama, akanywa polepole huku anatutazama mmoja mmoja. Nakumbuka maji yalimtiririka kidevuni na hakuyafuta. Usiku wa siku ya tisa ilinyesha, na asubuhi nguzo ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba, pipa limebingirika hadi kwenye choo cha jirani. Nikaenda kulichukua huku nalia kwa hasira. Nikakwangua. Nikalowesha. Nikachelewa. Maître alinionyesha vidole viwili kupitia dirishani hata kabla sijafika mlangoni.

Nguzo ya tatu, papa alichimba mpaka akazama kwapani. Mama alitolewa kiti nje, akaketi kumtazama.

"Papa Vero," alisema, "uko unachimba nguzo ao kisima? Ukipata mayi huko chini utuambie, tutaacha mambo ya pipa."

Papa hakucheka. Mchanga ulikuwa unaruka juu kutoka shimoni, na koleo lilikuwa linasema lenyewe.

Lazima sasa niwajulishe kwa Tonton Ramazani, mjomba wa watoto wote wa mtaa. Alikaa ng'ambo ya njia yetu, mlango kwa mlango, fundi matofali wa moja ya zile familia za Waislamu wa zamani wa mji huu, na nusu ya kuta za mtaa zilikuwa zimepita mikononi mwake. Mtu mwembamba, kofia nyeupe hata kazini. Kila jioni alikaa kibarazani kwake akitazamana na nguzo yetu. Jioni baada ya kila moja kuanguka alikuwa pale. Nilimwona akikohoa. Nilimwona akigeuza kiti. Hakusema chochote, na papa hakumwuliza chochote. Walisalimiana vizuri tu, wakaulizana habari za watoto na za mvua, wakaachana. Mimi nilikuwa natamani kupiga kelele katikati ya njia.

Jumamosi moja nikavuka njia kwenda kumwuliza sababu.

"Tonton, juu ya nini nguzo ya papa inaangukaka?"

Alinitazama, halafu akatazama kwetu, kama vile papa angeweza kumsikia akiwa mjini na baiskeli yake.

"Mutu haingie mu parcelle ya mwenzake na mudomo," alisema. "Aniite, nitakuja."

"Hatakuita!"

"Alors, sitakuja."

Hivyo ndivyo wazee wetu walivyokuwa, na bado ndivyo walivyo. Humkosoi mwanaume uani kwake, mbele ya mke na watoto wake, bila yeye kukuita. Ni adabu. Mimi niliiona ni upumbavu wa watu wawili wazima, na jina langu lilikuwa la kalamu ya risasi. Nikabaki nimesimama pale, nimekunja mikono, siondoki. Mwishowe Tonton Ramazani alichukua mwiko na timazi yake, ule uzi wenye jiwe la kupimia wima, akasema anakwenda kujenga nguzo ya banda la mtu mitaa miwili kutoka hapo, na kwamba njia ni ya watu wote.

Nikamfuata. Hakunifundisha neno moja. Lakini kila alichofanya, alikifanya taratibu kupita kawaida, na kabla ya kukifanya alisubiri mpaka nimetazama. Alichimba shimo pana, mara tatu ya upana wa nguzo, lakini fupi, la kufika kwenye kifundo cha mguu na zaidi kidogo, mpaka udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa. Akaupigapiga kwa gogo. Akamwaga vipande vya matofali na udongo wa saruji, akausawazisha, akaanza kujenga kwa upana na kupunguza kila safu, hadi nguzo ikawa imesimama juu ya mguu wake mpana. Matofali manne kila safu, yakizunguka kama watu wanaofukuzana, na katikati tundu la mraba. Safu iliyofuata aliigeuza, yakafukuzana upande mwingine, ili kila mwanya ufunikwe na tofali zima. Timazi upande mmoja, timazi upande wa pili. Alipofika safu ya sita aliosha mwiko akaenda zake nyumbani.

"Tonton, haujamaliza!"

"Leo imetosha," alisema, na hilo lilikuwa la pekee alilonijibu.

Nilirudi mbio. Nguzo ya tatu ilikuwa imeshafika kifuani kwa mama, imeinama kidole kimoja. Nilimweleza papa yote kwa pumzi moja: mguu, upana, safu sita. Alinisikiliza akiwa ananawa mikono, na nilipomaliza aliuliza, "Ramazani alikutuma?"

"Hapana."

"Bon. Weye mutoto unanifundisha mimi namna ya kusimamisha kitu?"

Sikulala vizuri juma lile. Nilikuwa nasikiliza mvua kila wakati, hata isiponyesha.

Ilinyesha mchana wa Alhamisi. Papa alikuwa amerudi mapema, nami nilikuwa nimetoka shuleni, na sote tulikuwa mlangoni tukitazama. Maji yaliteremka kutoka juu ya kiwanja kama papa alivyosema yatateremka, yakaifikia nguzo, lakini hayakuisukuma hata kidogo. Yaliingia kwenye lile shimo refu lililozunguka matofali, yakazama humo yakigugumia, na udongo ukawa uji. Nguzo ikaanza kwenda taratibu, upande ule ule papa alioinamisha. Papa alitoka kwenye mvua, akaikumbatia. Aliikumbatia kweli, kifua kwa matofali, miguu ikiteleza, na mama akampigia kelele aiache isije ikamvunja. Akaiacha, nayo ikalala.

Ndipo nikasema. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mikono yangu ilikuwa imechubuka, na nilikuwa nimebakiwa na siku moja ya kuchelewa. Nawaambieni haya ili msinione mbaya sana.

"Papa, hapa mto haiko!" nilipiga kelele. "Haiko! Juu ya nini unapanda matofali sawa miti? Haiko mto hapa!"

Mama alisema jina langu kwa sauti ya chini. Papa alisimama pale, maji yakimtoka puani na kidevuni. Nilidhani atanipiga, na ningependelea anipige. Alitazama lile shimo, akanitazama mimi. Kisha aliingia ndani, akatoka na mwiko, akauweka mkononi mwangu.

"Bon," alisema. "Jenga."

Akapita pembeni yangu, akaingia ndani kubadilisha shati.

Kesho yake asubuhi niliamka gizani kwenda chemchemini, na madumu hayakuwepo. Nilimkuta papa njiani akirudi. Alikuwa amefunga madumu manne kwenye toleka yake na anaisukuma kupanda mteremko, katikati ya wanawake na wasichana, na wote walikuwa wamenyamaza kama watu wanavyonyamaza kukiwa na mtu wa kusengenywa. Mwanaume kuchota maji, tena mwanaume mwenye binti mkubwa! Alipoteza wateja wa asubuhi siku ile, na ya pili yake, na juma lote lililofuata. Tulikula muhogo mtupu. Sikumshukuru. Nikajiuliza tu kwa nini hakufanya hivyo miezi miwili nyuma, nikazidi kukasirika.

Nilijenga kila siku baada ya shule. Shimo pana, fupi. Nilishindilia kwa gogo mpaka mikono ikafa ganzi. Papa alikanda udongo na kunipa tofali moja baada ya jingine. Timazi nilitengeneza kwa uzi na jiwe la wavu lililosahauliwa mfukoni mwa koti lake la zamani. Tonton Ramazani alikaa kibarazani kwake. Jioni ya kwanza nilipoacha kwenye safu ya sita ili udongo ushike kwanza, nilimwona akiitikia kwa kichwa peke yake, akaingia ndani. Safu zangu hazikuwa nzuri. Zilipinda pembeni na udongo ulifura kwenye mianya. Lakini nguzo ilikuwa wima, pande zote mbili za timazi.

Tuligombana mara moja tu. Nilitaka kujaza lile tundu la katikati kwa vipande vya matofali na saruji kadiri nilivyopanda, nikiamini itakuwa ngumu zaidi.

"Kati utaniachia mimi," papa alisema.

"Lakini papa, inafaa kujaza!"

"Kati utaniachia."

Nikaona ni kiburi tu, anataka naye awe na sehemu yake. Nikamwachia tundu lake, nikabamiza mwiko chini kwa nguvu ili ajue. Nilimaliza nguzo Jumamosi, siku mbili kabla ya mtihani. Jumatatu, nilipokuwa darasani na karatasi mbele yangu, yeye alijaza kati. Niliporudi, juu palikuwa pamefunikwa kwa saruji laini, pipa limewekwa, na papa amekaa kwenye kizingiti akisafisha koleo. Jina langu, nisisahau kuwaambia, lilikuwa limeandikwa kwa wino. Nililiona daftarini asubuhi ile Maître alipokuwa anatuita mmoja mmoja. Wino wa buluu ulikuwa umepita juu ya ile kalamu ya risasi, na chini yake kijivu kilikuwa bado kinaonekana.

Siku chache baadaye mama aliuliza ule mti mweusi uliokuwa nyuma ya jiko umekwenda wapi, kwa sababu sasa misumari ilikuwa mitupu na angeweza kuanika nguo.

"Ilipata kazi," papa alijibu.

Mama alidhani ameuchoma kupikia, akasikitika kidogo. Mimi sikufikiri chochote. Nilikuwa na matokeo ya kusubiri.

Nguzo ile haikuanguka. Mama alifungua maji yake akiwa amesimama kwa miaka kumi na minne, mpaka alipohamia kwa mama mdogo. Papa alirudi Yanonge mwisho wake, akazikwa huko, karibu na maji. Hatukuwahi kuzungumza juu ya ile siku ya Alhamisi. Yeye hakuitaja, na mimi niliona haya, halafu nikasahau kuona haya.

Sasa nirudi kwa mafundi wa mwezi uliopita. Baraza ya nyumba mpya ilipangwa kupita pale pale ilipo nguzo, na Zefe, ambaye siku hizi ananizidi urefu, alisema ivunjwe. Kijana mmoja akaipiga nyundo. Haikutikisika. Wakaja wawili. Walipiga mpaka mchana wakivua mashati, na mimi nimesimama nikitazama kwa fahari nisiyojua niifiche wapi. Mwisho wakaamua kubandua tofali moja moja upande mmoja, kuanzia juu kwenda chini. Walipotoa upande mzima na kugonga saruji ya ndani, ikapasuka ganda moja refu, likaanguka.

Ndani ya saruji kulikuwa na mfereji mtupu, wa mviringo, kutoka juu hadi karibu na mguu. Mchwa walikuwa wameula mti wote zamani, limebaki vumbi jekundu tu. Lakini saruji ilikuwa imeshika alama yake. Mahali pawili ilionyesha kamba za mwituni, mzunguko kwa mzunguko, hata fundo.

Niliwaomba wasimame. Nilichukua timazi ya fundi, nikaishusha mbele ya mfereji ule, nikasubiri jiwe litulie. Nguzo yangu ilikuwa wima kama nilivyoijenga. Alama ya mti iliuacha uzi kidogo kidogo kadiri ilivyopanda. Nikapima juu. Ilikuwa kidole kimoja, kuelekea kule maji ya mvua yanakotokea.

Nilikaa chini kwenye matofali, nikalia mbele ya vijana nisiowajua. Utotoni nilijua jambo moja tu kumhusu papa, kwamba ni mkaidi, na nilimsimulia hivyo kwa miaka mingi, watu wakacheka. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu aliyeacha mtumbwi, nyavu, na ndugu zake kwa ajili ya mgongo wa mke wake alikuwa amebakiwa na ujuzi mmoja mikononi, wa kusimamisha kitu kisiangushwe na maji, na kwamba mara tatu aliuleta ujuzi ule uani kwetu na mara tatu haukufaa. Kwamba mto haupo hapa, alikuwa analijua kila asubuhi alipopanda ile baiskeli. Hakuhitaji kuambiwa, na mimi ndiye niliyemwambia.

Fundi aliniuliza waendelee kuvunja au vipi. Nikamwambia baraza itaizunguka nguzo. Zefe akaanza kubisha, akauona uso wangu, akaacha. Kisha nikayakusanya yale matofali yaliyobanduliwa, nikaomba panga butu, nikayakwangua moja moja. Nikachukua ndoo, nikaanza kuyalowesha.